Kiuno Changu Dukani Zhongda

Mjukuu wangu alikuwa akisomea udaktari Guangzhou, nami nilikwenda huko kununua vitenge. Siku moja, kwenye soko la vitambaa la Zhongda, nilipanda ngazi nikahema mpaka mjukuu, tuliyekuwa pamoja, akaingiwa na hofu.

"Bibi, ngoja nikupime. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wako, kesho hatuendi Shiling kwenye soko la mikoba. Tunakwenda kupima moyo."

Mwenye duka, mama wa Kichina mnene kama mimi, akatukatia ukanda wa kitambaa, sawa na urefu wangu kutoka utosini hadi unyayoni. Mjukuu akaukunja katikati, akanizungushia kiunoni. Ncha hazikukutana, pakabaki pengo la kiganja kizima.

Nikamgeukia mwenye duka kwa Kichina changu cha sokoni: "Bosi, niongeze kidogo jamani! Mimi mteja wako wa siku zote!"

Akakata mwingine, akaniongeza mkono mzima, bure.

"Bibi! Hii si bei, ni moyo wako!"

Mwenye duka akauliza tunabishania nini. Alipoelezwa alicheka sana, akajikatia wake, akaukunja, akajizungushia. Pengo lake likashinda langu. Kicheko kikakoma.

Kesho yake hakufungua duka. Tuliketi benchi moja hospitalini, yeye na mimi, tukisubiri kuitwa, kila mmoja amevuta tumbo ndani.