Vidole vya Mguu wa Kushoto wa Mama Raymundi

Kila asubuhi, kabla hajashusha miguu kitandani, Eustadia huchomoa pini kwenye pindo la khanga yake na kujidunga vidole vya miguu, kimoja baada ya kingine. Huanza na mguu wa kulia, ambao hauna taabu. Kisha huhamia wa kushoto na kwenda polepole. Akihisi, husema "kipo". Asipohisi, hurudia mara ya pili kwa nguvu zaidi. Mwaka jana kidole kimoja hakikuwepo. Baada ya Pasaka vikawa viwili.

Ana miaka hamsini na mmoja. Majirani hapa karibu na Kipalapala humwita Mama Raymundi, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mimi namwita mama mkubwa, maana ni dada wa mama yangu. Tangu aolewe amelima matuta ya karanga na viazi, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa mbele katika kikundi cha wanawake wanaolimiana kwa zamu. Hujipanga mstari, na aliye mbele ndiye anayeamua mwendo. Anayechelewa huachiwa kipande chake katikati ya shamba kama kisiwa, wenzake wakakaa pembeni kumcheka mpaka akimalize. Mama mkubwa hakuwahi kuachiwa kisiwa. Kiuno kilipoanza kumuuma alijifunga khanga kwa nguvu, akaendelea kuwa mbele. Alifanya hivyo kwa miaka minne, wala hakumwambia mtu.

Msimu uliopita walimaliza shamba la Prisila, jirani yake, wakaanza kurudi. Prisila akaita kutoka nyuma:

"Mama Raymundi, umeacha ndala yako inilimie peke yake?"

Wanawake wakacheka. Eustadia akatazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, na alikuwa ameukanyagisha kwenye mabua makavu njia yote bila kujua.

"Iache imalize," akajibu. "Ni zamu yake."

Akacheka pamoja nao. Baadaye aliniambia kwamba alicheka ili wasione hofu yake.

Picha za mgongo zilipigwa mjini Tabora. Daktari bingwa aliyekuja kwa kliniki ya siku tatu alituonyesha pingili za chini kabisa. Kati ya mbili za mwisho, kile kisahani laini wanachokiita diski kilikuwa kimechakaa na kusukuma mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Mazoezi na sindano alikuwa amekwisha kujaribu. Zilibaki njia mbili, zote za Dar es Salaam. Ya kwanza ni kuunganisha pingili kwa skrubu, na hapo hapatapinda tena. Ya pili ni kukitoa kisahani na kuweka cha bandia, cha chuma na plastiki, ambacho hupinda. Daktari aliona hiyo ya pili ingemfaa, kwa kuwa pingili zake nyingine ni nzima.

"Mnapasulia wapi, daktari?"

"Tumboni, mama. Tunakifikia vizuri kwa mbele."

Mama mkubwa akaweka kiganja tumboni, na hakukiondoa mpaka tulipotoka. Daktari hakuficha kitu. Huko mbele ya uti wa mgongo kuna mishipa mikubwa ya damu. Wapo wanaopasuliwa na maumivu yakabaki. Na ganzi ikikaa muda mrefu, huenda isiondoke hata akipasuliwa. Alitaka jibu kabla ya Ijumaa ili apange orodha yake.

Nyumbani, Adriano, mumewe, akajaribu utani.

"Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, na mgongo wake haukutiwa chuma."

"Alirudi?"

Adriano akachokonoa moto. "Hakurudi."

"Basi usiniletee habari zake."

Siku zile mama mkubwa aliniuliza maswali bila kupumzika. Dawa ya usingizi ikizidi je? Chuma kikihama? Nikiamka nikute miguu yote miwili haipo? Nilisoma nilichoweza kwenye simu nikamweleza, na kila jibu lilizaa hofu nyingine. Jumatano alikwenda kuungama. Aliporudi akaanza kumwelekeza Adriano debe lipi lina karanga za mbegu na lipi ni za kula. Adriano hakutaka kusikiliza. Alisema mbegu ni kazi ya mkewe, na mkewe mwenyewe ndiye atakayezipanda.

Alhamisi asubuhi nilimpelekea fomu ya jibu tuliyopewa kliniki. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Alikuwa kitandani, pini mkononi. Mguu wa kulia ulikuwa umekwisha kuhesabiwa. Kwenye wa kushoto aliviruka vile viwili, akadunga cha tatu. Hakusema "kipo". Akadunga tena, kwa nguvu. Tone la damu likatokeza, likakua, likateremka hadi kwenye shuka. Aliitazama damu ile kama vile ilikuwa ya mtu mwingine.

Adriano alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Akakiweka chini, akaja kuketi pembeni yake, akaufuta mguu kwa pindo la shati. Hakuleta utani.

Tangu kliniki nilikuwa sijamuuliza lolote, nikihofia kumsukuma upande mmoja. Sasa kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na fomu ilikuwa na mstari mmoja mtupu.

"Mama mkubwa, niandike nini?"

"Andika nitakwenda," akasema. "Naogopa, lakini andika nitakwenda."