Blanketi Lenye Mfuko

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo mkono wangu wa kulia unaanza kutafuta futikamba ya kupimia. Ilikuwa asubuhi, Musoma, katika kile chumba changu cha ushonaji pale Kitaji. Upepo wa ziwa ulikuwa unapigapiga mlango, na mimi nimesimama mbele ya gunia la nguo za marehemu mama yangu, mkasi mkononi, nimeshindwa kukata hata moja. Na harusi ya mdogo wangu Wakuru ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo.

Ngoja nikueleze vizuri. Nyumbani kwetu Butiama, binti hakuwa akienda kwa mume bila kitu cha kujifunika kilichotoka kwa mama yake. Mimi nilikipata changu mkononi mwake mwenyewe. Wakuru alikuwa kitindamimba, na mama alifariki hata posa haijaletwa. Baada ya matanga, shangazi yetu Nyabise, dada wa baba, ndiye aliyepaswa kugawa nguo za marehemu kama desturi inavyotaka. Hakuzigawa. Alizitia zote kwenye gunia, akanikabidhi mimi niliyekuwa fundi.

"Mshonee mdogo wako blanketi la vipande," aliniambia. "Asiende Bunda kwa mumewe kama mtu aliyezaliwa na upepo."

Sasa, mimi nilikuwa fundi wa vipimo. Sijisifu, ndivyo nilivyokuwa, na bado ndivyo nilivyo. Sare za shule na magauni ya kwaya yalitoka kwangu yamenyooka, kwa sababu sikugusa mkasi kabla ya kuchora. Basi nikachora na hilo blanketi, kwenye karatasi ya kaki: miraba iliyolingana, buluu na nyeupe, buluu na nyeupe, na mpaka wa zambarau kuzunguka. Kwenye karatasi lilipendeza. Tabu ni kwamba mama hakuvaa maisha yake yote kwa ajili ya karatasi yangu. Ndani ya gunia kulikuwa na kanga zilizopauka, gauni la kwaya la rangi ya udongo, kitenge cha kijani kilichotobolewa na cheche za jikoni, na lile gauni lake la shambani lenye mfuko mkubwa mbele. Buluu ilikuwa kidogo, nyeupe hata ya kufutia machozi haikuwepo.

Kila siku nilimwaga gunia, nikapima, nikakunja, nikarudisha. Sikai, situlii. Nakaa kwenye cherehani nainuka, nachora upya, nafuta, natoka nje kutazama ziwa kana kwamba jibu litaletwa na mitumbwi ya dagaa. Mteja akiuliza nguo yake namjibu kwa ukali. Nikajiambia haraka haraka haina baraka. Methali ile, mwanangu, ni tamu sana mdomoni mwa mtu mwoga. Maana nilikuwa naogopa. Nguo ikishakatwa hairudi, na zile bado zilikuwa na harufu yake, moshi wa jikoni na sabuni ya mche.

Mwishowe nikapata akili niliyoiona kubwa. Nikaenda sokoni, nikanunua vitenge vipya, buluu na nyeupe, nikavikata kwa mchoro wangu. Ah, hapo mkasi ulikwenda wenyewe! Nusu ya blanketi ikatoka, mistari imenyooka mpaka raha. Za mama nikasema nitazitia katikati, kidogo, nikishapata namna.

Ndipo asubuhi ile niliyoanza nayo, nimesimama mbele ya gunia, shangazi akaingia. Alikuwa ametoka Butiama alfajiri kuja kuona kazi imefika wapi. Nikampa chai, akaiweka chini bila kuionja, akaitandaza ile nusu ya blanketi juu ya magoti yake.

"Haya maua mama yako alikuwaga nayo lini?"

"Si yake, shangazi. Nimenunua, ili rangi zilingane."

"Na za mama yako ziko wapi?"

Nikamwonyesha gunia kwa kidevu. Aliligeukia, akanigeukia mimi.

"Kwa hiyo mtoto atajifunika soko," akasema.

Nikajitetea kifundi. Nikamweleza kwamba nguo za mama zimechakaa, hazilingani uzito, hii inavutika na ile haivutiki, ukiziunganisha bila mpango kitu kitakunjamana chote. Aliniacha nikamaliza. Shangazi alikuwa na ubaya huo, alikuwa anakuacha unamaliza.

"Mama yako alikuwaga anapika alichokikuta shambani," akasema. "Sikumbuki mmelala njaa kwa sababu mboga hazilingani. Wewe unapimaga nini kila siku? Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi sitoki hapa mpaka nisikie mkasi."

Akainuka, akalitoa gauni la shambani guniani, akashika upande mmoja na upande mwingine akanishikisha mimi. Likawa limetanda katikati yetu. Nikakata. Nililia, mwanangu, na sioni haya kusema. Nililia kuliko nilivyolia siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi nilikuwa na kazi ya kupanga nani analala wapi.

Baada ya hapo hakukuwa na mchoro. Nilichukua kilichokuwa karibu nikakishona na kilichofuata. Kipande kikizidi nakata, kikipungua naongeza ukanda wa kanga. Kila mara mkono ulikwenda kwenye futikamba, mpaka shangazi akaichukua akaikalia. Usije ukadhani nilipata amani. Watu husema ukiachilia mambo moyo hutulia. Wangu ulikuwa unadunda kama wa mwizi aliyesikia mbwa. Kila mshono niliuona unakwenda upande, na ulikuwa unakwenda upande kweli. Nilipofika kwenye ule mfuko nilitaka kuubandua, maana katika mpango wangu kitu kilichotuna hakikuwa na nafasi. Lakini siku zilikuwa zimekwisha. Nikaushona na kipande chake, ulivyo. Ile nusu ya vitenge vipya nikaiongezea shuka, nikaigeuza bitana ya chini.

Siku ya kumuaga Wakuru blanketi likakunjuliwa mbele ya kina mama. Mmoja akacheka: "Fundi, hii mistari ilikunywa nini?" Nikatamani ardhi inimeze. Wakuru hakusikia. Alikuwa anapitisha kiganja juu ya vipande, taratibu, anavitambua kimoja kimoja, hadi akafika kwenye mfuko. Akatia mkono ndani.

Mama alikuwa anatia karanga kwenye mfuko ule. Tulipomfuata shambani tukiwa wadogo, tulichomeka mikono humo bila kuomba, naye hakuinua hata kichwa kwenye pamba yake. Wakuru aliuacha mkono humo muda mrefu. Kisha akanitazama.

"Dada," akasema, "mbona hujatia karanga?"

Yule aliyecheka ndiye aliyetangulia kulia.

Blanketi lile lipo Bunda hadi leo. Nikienda kumtembelea Wakuru jicho langu linakwenda moja kwa moja kwenye mshono uliopinda karibu na pindo, na vidole vinaniwasha niufumue. Siufumui. Kizuri hakikosi ila, na ila ile ni yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayepanga maisha kwenye simu, mwaka huu hiki na mwaka kesho kile, sikwambii uache kupanga. Mpango ni bitana nzuri, uweke chini ukushikie. Ila pima kutokana na ulichonacho, usipime kutokana na unachokosa, la sivyo utajikuta sokoni unanunua cha kujazia mchoro huku chako kimelala guniani. Na kama huwezi kukata kwa sababu unaogopa, sema unaogopa, utafute mtu wa kukushikia upande wa pili. Utalia. Kata hivyohivyo.

Mungu akupe mkasi mkali na shangazi mkali. Akujalie ufunikwe na waliokupenda hata wakiwa hawapo, na siku utakayotia mkono mfukoni ukiwa huna kitu, ukute kuna aliyekutangulia kukuwekea karanga.