Mabata Kumi na Moja ya Idi

Katika mtaa wa Waungwana, Waislamu wa mji wa Kindu, kuku hachinjwi na kila mwenye kisu. Hupelekwa kwa mtu ambaye mkono wake unaaminiwa, na kwa zaidi ya miaka ishirini mtu huyo alikuwa Bulaimu, mwindaji wa mabata. Majirani walimtania kwamba yeye ni mvuvi wa hewani, kwa sababu hakuwahi kumiliki bunduki: aliwinda kwa nyavu. Jioni alizisimamisha kati ya miti kwenye vijito vya chini ya mji, pale ambapo mto Lualaba ukifurika huingia katika majani marefu, na alfajiri mabata ya mwitu, ambayo huruka chini chini kabla ya jua, yalinaswa kwa bawa au kwa shingo.

Ugumu wa kazi uko hapo. Bata aliyenaswa huulegeza wavu kwa uzito wake mpaka ukagusa maji, na mwindaji asipowahi, bata huzama. Aliyezama ni nyamafu; hata umkate shingo mara saba, hawi halali. Ndiyo maana mwindaji wa mtaa ule haendi peke yake. Mmoja hushika kisu, mwingine hushika miguu. Wakirudi nchi kavu, anayeulizwa si mwenye kisu, ambaye kila mtu anajua anatamani nyama yake ikubaliwe. Anayeulizwa ni mshika miguu. "Mliwawahi?" Akisema ndiyo, chungu kinatelekwa.

Mshika miguu wa Bulaimu alikuwa binti yake, Jamila, tangu alipokuwa na miaka tisa. Leo Jamila ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa Mounira mwenye miaka kumi na mmoja. Mwaka huu, wiki mbili kabla ya Idi, alifika mtoni na kumkuta Mounira ameketi mtumbwini, nguo ameifunga magotini, uso unang'aa.

"Mama, babu anasema leo mimi njo mushika miguu!"

"Shuka."

"Lakini babu—"

"Shuka, Mounira. Tangulia nyumbani."

Bulaimu alicheka. "Ee mwalimu wa watu! Unaogopa mutoto ataliwa na bata?"

"Siogopi bata, baba." Jamila alingoja mpaka mtoto akapanda ukingo. "Ninakuogopa wewe. Nilikuwa na miaka hii hii."

Mzee aliacha kucheka. Miaka ishirini na mitatu walikuwa wameishi pamoja, kisha nyumba za kupakana, wakila Idi pamoja, wakizikana wafu, na jambo lile halikuwahi kutajwa. Alikuwa amejiaminisha kwamba mtoto alisahau. Watoto hawasahau, wakubwa ndio wanaohitaji wawe wamesahau.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka 2002 mji ulikuwa umezingirwa. Wenye silaha walishika ndani, wenye silaha wengine walishika msitu, na raia walibaki katikati kama nafaka kinuni. Treni ya kutoka mji wa Kibombo haikuja. Mchele wa kijiji cha Tunda ulioza huko huko ulikolimwa. Watu walichemsha majani ambayo zamani hata mbuzi aliyakataa, na katika hali hiyo wakafunga Ramadhani. Mwezi ulipokaribia kuisha, Bulaimu alisimama msikitini, kifua mbele, akasema: "Idi hii, ndugu zangu, mtaa wetu utakula nyama. Mimi nitaileta." Hakuna aliyemwomba. Watu walimwitikia kwa machozi, na wanawake wakaanza kugawana vyungu.

Jioni aliyotega nyavu mambo yalikwenda vizuri. Asubuhi yake, mkesha wa Idi, yeye na Jamila walipofika kwenye kivuko, askari mmoja alikuwa ameketi juu ya mtumbwi wao.

"Leo mto umefungwa, mzee."

"Umefungwa na nani, bwana mkubwa?"

"Na mimi."

Walisimama pale hadi jua likapanda juu ya paa za ng'ambo. Askari alipopata njaa akaenda zake bila kusema neno, nao wakapiga kasia kama watu wanaofukuzwa. Wavu ulikuwa umejaa. Mabata kumi na mawili, hazina ya mfalme! Kumi na moja yalikuwa yameinamisha vichwa majini, manyoya yamelowa, macho yamefunikwa na utando mweupe. Moja tu, lililonaswa juu karibu na mti, lilikuwa likipiga bawa.

Jamila alilishika la kwanza akaligeuza. "Baba, huyu iko mufu."

"Nyamaza."

"Na huyu. Na huyu pia. Baba, wote—"

"Nimesema ushike miguu!"

Akashika. Bulaimu alilichinja lile hai kwa jina la Mungu, likiwa limeelekezwa kibla, kama alivyofundishwa na baba yake. Kisha akakinga damu yake katika kibuyu cha kukumbia maji ya mtumbwini. Akayakata shingo yale kumi na moja, moja baada ya jingine, bila kutaja jina lolote, maana ulimi ulikataa. Na kwa kuwa maiti haitoi damu, akachovya vidole kibuyuni akayapaka. Mara kumi na moja mtoto alishika miguu ya vitu vilivyokufa. Njiani alilia bila sauti, na baba yake, akitazama mbele, akamwambia maneno ambayo mpaka leo anayasikia anapofunga macho: "Ukiulizwa, utasema ndiyo. Unataka watu wafe na njaa kwa ajili ya mdomo wako?"

Ukingoni walingojwa na nusu ya mtaa. Mwalimu Ayoubu, imamu wao, aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. "Binti yangu, mliwawahi?"

Jamila alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa akikunja wavu.

"Ndiyo, mwalimu. Wote."

Vigelegele vikapasuka. Idi ile nyumba kumi na nne zilikula bata kwa sombe, mboga ya majani ya muhogo, na tangu siku hiyo kila kuku wa mtaa akapelekwa kwa Bulaimu. Jina lake likakua juu ya uongo ule kama nyumba iliyojengwa juu ya shimo.

Kwetu watu husema vita ndivyo vilivyotuharibu. Tumelipenda mno neno hilo, kwa sababu linamnawisha kila mtu mikono. Ni kweli kwamba askari aliufunga mto, naye ana hesabu yake kwa Mungu. Lakini askari hakuchovya kidole kibuyuni, wala hakumfundisha mtoto jibu. Bulaimu mwenyewe, alipobaki peke yake ukingoni mwaka huu baada ya Jamila kuondoka, alijaribu kama kawaida yake kusema, "Niliwahurumia watu," na kwa mara ya kwanza sentensi ikamkataa. Hakuwa amewahurumia. Aliona haya kurudi mikono mitupu baada ya kujigamba. Kwa kuikwepa aibu ya asubuhi moja, akampakia mtoto wake aibu ya maisha.

Nyavu hakuzitega. Siku tatu alisema anaumwa mgongo. Ijumaa, baada ya sala, watu walipokuwa wakitafuta viatu vyao, alisimama pale pale aliposimama mwaka ule, safari hii ameshika ukuta.

"Ndugu zangu, ngojeni. Mabata ya Idi ya mwaka wa vita... moja tu lilichinjwa. Kumi na moja yalikuwa nyamafu. Nilijua."

Kwanza hawakuelewa, wakadhani uzee umemfika. Akarudia, safari hii na kibuyu, na damu, na vidole. Jamila, aliyekuwa upande wa wanawake, akainuka.

"Mwalimu, na mimi nilikujibu uongo."

"Keti, mwanangu," Bulaimu alisema. "Mutoto hakusema kitu. Nilisema mimi kwa kinywa chake."

Mwalimu Ayoubu, ambaye sasa husogezwa kwa kiti na wajukuu, aliwaashiria wamsogeze mbele. Bulaimu alitamani alaaniwe. Laana ingekuwa na mwisho.

"Bulaimu," mwalimu akasema, "mwenye njaa ya kufa ameruhusiwa nyamafu. Iko katika Kitabu. Juma lile nilikwisha kuzika watoto wanne. Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aniulize, nimwambie: kuleni, si dhambi. Ungesema ukweli, tungekula nyama ile ile, chungu kile kile, na mtoto huyu angelala usingizi."

Bulaimu aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Uongo wake haukuwa hata na kazi.

Mama Zawadi, mjane wa fundi cherehani, hakuinamisha kichwa. "Mume wangu alikula bata lile akashukuru, akakuombea dua wewe kwa jina," alisema kutoka nyuma ya pazia. "Mwezi mmoja baadaye nikamzika. Nani alikupa ruhusa ya kumchagulia, Bulaimu? Njaa ilikuwa yake, na dini ilikuwa yake."

Bulaimu aliuachia ukuta, akatafuta viatu vyake.

Walirudi nyumbani baba na binti, mmoja hatua mbili nyuma ya mwingine. Mlangoni Jamila alisema, "Mounira akitaka, aje umfundishe kasia. Kisu, hapana." Kisha: "Umechelewa sana, baba." Haikuwa msamaha, naye hakuthubutu kuuomba.

Tangu hapo kuku hupita mbele ya nyumba ya Bulaimu bila kusimama, wakienda mtaa wa pili kwa Soudi, kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha. Angeweza kukaa uani asiwaone. Lakini kila asubuhi hutoa kiti nje akaketi, kwa kuwa ameamua kwamba kujificha amekwisha kujificha vya kutosha. Mkesha wa Idi, Mama Zawadi alipita na jogoo mwekundu kwapani.

"Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri, mzee."

"Unakwenda kwa Soudi?"

"Ninakwenda kwa Soudi."

"Ana kisu kikali."

"Chako nacho kilikuwa kikali," alisema Mama Zawadi, akaendelea na njia yake.

Bulaimu aliusikia uso wake ukiwaka hadi masikioni. Hata hivyo hakuinuka kitini. Jirani mwingine alikuwa anakuja na kuku wake, na huyo naye ilibidi asalimiwe.