Niliifundisha Kompyuta Kunyamaza

Walisema sitaweza. Walisema mtoto wa Lupaso aliyekulia kwenye vumbi la korosho hawezi kutengeneza lugha ya kompyuta. Walisema nitarudi Dar es Salaam kubeba mizigo, na walionikopesha wameshatupa hela zao shimoni. Ndugu zangu, niliweza! Kila nililosema nitafanya, nilifanya. Na kosa ninalokuja kuliungama hapa nililifanya kwa sababu hiyo hiyo: niliona mtu aliyeweza hapaswi kuonekana amekosea.

Jina langu silitaji. Niliowataja humu nimewabadilisha majina, maana wengine wako hai na wengine wana watoto.

Mimi sikusomeshwa na mtu. Mchana nilibeba marobota Kariakoo, jioni niliingia darasani, na stashahada yangu ya kompyuta niliipata kwa jasho langu mwenyewe. Niliporudi kusini, Masasi na Newala nzima ungehesabu kwa vidole watu wenye cheti kama changu. Nilikitia kwenye fremu. Nilitembea kifua mbele, sikatai.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, vyama vya msingi viko hoi na makampuni binafsi yanagombania korosho kila njia panda. Nilikuwa na kitu ambacho hakuna kampuni iliyokuwa nacho. Nilikuwa na kifasiri changu.

Nieleze kidogo. Kifasiri ni programu inayosoma amri unazoandika na kuzitekeleza papo hapo. Changu kilikuwa cha lugha ya safu. Lugha nyingi za kompyuta hushughulika na kitu kimoja kimoja, kama mtu anayebangua korosho. Lugha ya safu hushika gunia zima. Unaipa safu ya majina, unaipa safu ya mikorosho, unaandika amri moja fupi kuliko jina lako, na mgao wa kijiji kizima unatoka.

Ilikuwa programu huria, msimbo wake uko wazi, kila mtu anaweza kuusoma na kuurekebisha. Msingi wake waliuweka watu wa ng'ambo, lakini mimi niliujenga upya karibu nusu, nikausambaza kwa jina langu. Watu wa nchi nisizozijua waliutumia. Nilikuwa nasafiri hadi kwenye intaneti kafe ya Masasi kusoma barua pepe zao, nikitoka hapo najiona mkubwa kuliko mkuu wa wilaya.

Kompyuta yenyewe niliinunua kwa mikopo ya ndugu. Mjomba wangu alitoa kwa kununa. "Mpwa," aliniambia, "korosho zinahesabiwa kwa mkono, zinapimwa kwa mzani. Hiyo televisheni yako ina mkono?"

"Subiri msimu, mjomba."

"Nitasubiri. Lakini hela yangu haina subira."

Aliyetoa nyingi kuliko wote alikuwa mama yangu mdogo, mjane aliyeishi Mnyambe, kule Newala. Nitamwita Mama Zuhura. Hakuwa na hela ya akiba. Alichofanya ni kwenda kwa mfanyabiashara wa kangomba, wale wanaotoa hela wakati wa njaa ili walipwe korosho wakati wa mavuno. Aliweka rehani shamba alilorithi kwa mama yake. Masharti yalikuwa magunia, si fedha. Asipofikisha magunia msimu ule, mikorosho inahamia kwa mfanyabiashara.

Nilijua. Aliniambia mwenyewe, akicheka: "Mikorosho haijawahi kuniangusha, baba. Na wewe hutaniangusha." Nilijua!

Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Katika lugha ya safu, ukiipa safu mbili zisizolingana urefu, kifasiri kinatakiwa kigome. Kinasimama na kukuambia: urefu hautoshani. Hiyo ni kinga. Siku nilipokwenda Masasi kumwonyesha wakala wa kampuni moja ya korosho, kifasiri changu kiligoma mbele yake. Nikarekebisha majina, kikagoma tena. Wakala akawageukia wenzake. "Kijana, mashine yako ina kwikwi. Ipe maji." Walicheka mpaka mhudumu wa chai akaingia kuangalia kuna nini.

Niliapa sitachekwa tena. Nilirudi Newala kwenye chumba changu cha kupanga, nikafungua msimbo, nikaing'oa ile kinga. Niliamuru kwamba safu fupi ikiisha, irudi mwanzo wake na kuendelea, kimya kimya. Kuanzia hapo kifasiri changu hakikugoma kwa lolote. Nilikisifu kwenye tangazo la toleo jipya: hakisumbui mtumiaji.

Mama mmoja wa Poland, mtaalamu wa muda mrefu, aliniandikia: "Umeondoa kinga. Kifasiri kisicholalamika ni hatari kuliko kinachokosea. Tafadhali irudishe." Nikamjibu kwamba yeye hajui mazingira yetu. Yeye hajui! Aibu hiyo bado inaniwasha masikioni.

Wakala aliridhika na onyesho la pili. Kampuni ilikuwa inaleta salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho isishikwe na ugonjwa wa ubwiri unga. Ilikuwa itolewe kwa mkopo kulingana na idadi ya mikorosho ya kila mkulima. Nilipewa kijiji kimoja cha majaribio kule Mnyambe. "Kikienda sawa," alisema, "wilaya nzima ni yako. Kikienda vibaya hunijui, sikujui, na malipo sahau."

Kwa vile lugha yangu hupenda safu, nilimwomba mtendaji wa kijiji anipe majina peke yake, kisha idadi za mikorosho peke yake, kwa mpangilio ule ule. Mtu mwingine angeandika jina na idadi yake pamoja. Mimi nilitaka safu zangu. Niliingiza zote mbili, nikaandika amri yangu fupi. Kompyuta ikatoa mgao bila kukohoa.

Siku ya kusoma mgao, watu walijaa mbele ya ghala la kijiji. Mifuko ilikuwa ndani, ichukuliwe kesho yake asubuhi. Nilisimama juu ya kasha, shati jeupe, nikasoma. Jina la kwanza lilikuwa la mwenyekiti wa kijiji. Nikaendelea hadi la mwisho. La mwisho pia lilikuwa la mwenyekiti.

Mwenyekiti alicheka hadi akakohoa. "Mnaona? Kompyuta inajua nani mkubwa hapa! Nimefungua mimi, nimefunga mimi!"

Mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Basi na sisi itutaje mara mbili! Au inaogopa vyeo tu?"

Watu walivunjika mbavu. Nami nilicheka. Lakini mimi nilijua jina linarudiaje.

Mama Zuhura alinifuata. Nikamwamkia: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mfuko mmoja? Mwaka jana nilipulizia mitano, na bado upande wa bondeni ulikosa."

"Ndivyo hesabu ilivyotoka, mama."

Kisha akawageukia wenzake waliokuwa wanaanza kunung'unika. "Kama ni huyu aliyehesabu, basi ipo sababu. Mimi narudi nyumbani."

Nilimvuta mtendaji pembeni. Nikamuuliza kama majina yote aliyonipa yalikuwa kamili.

"Kamili," alisema. "Isipokuwa yule marehemu wa mwezi uliopita. Jina lake sikukupa. Arobaini haijafika, na wapwa zake hawajakubaliana nani ashike shamba. Utamtajaje mtu kwenye mgao naye yuko kaburini? Ila mikorosho yake nimekupa. Mikorosho haikufa."

Hivyo ndivyo wanavyofanya pale, na hakuna ubaya wowote. Mimi mtoto wa huko huko sikukumbuka kuuliza! Jina moja limepungua katikati, idadi haikupungua. Kuanzia kwa marehemu kwenda chini, kila mtu amepewa mikorosho ya aliyemtangulia. Mama Zuhura, mwenye shamba kubwa la urithi, amepewa salfa ya kijana mwenye mikorosho michache nyuma ya nyumba. Safu zilipofika mwisho, majina yakaisha, idadi moja ikabaki, kifasiri changu kikarudi juu na kumchukua mwenyekiti. Kifasiri chenye kinga yake kingegoma.

Mifuko ilikuwa bado ghalani! Ufunguo ulikuwa shingoni mwa mtendaji. Ningepanda tena lile kasha, nikasema, "Jamani, nimekosea, subirini kidogo." Maneno hayo tu.

Niliangalia ule umati. Nilimwona wakala ameegemea gari lake, anatabasamu, ameridhika. Nikamwambia mtendaji, "Sawa, nilitaka kuhakikisha tu." Nikapanda gari la wakala tukaondoka. Njiani alinipiga bega. "Leo mashine haikuwa na kwikwi."

Wiki hiyo hiyo nilirudisha kinga. Ilikuwa mistari michache tu ya msimbo. Nilikwenda Masasi nikaituma kwa watu wote wanaotumia kifasiri changu, nikaandika maelezo safi: toleo la awali linaweza kugawa vibaya, badilisheni haraka. Niliwaonya watu wa mabara yote. Mnyambe, mwendo wa saa chache, sikumwonya mtu.

Yule mama wa Poland akajibu: "Asante. Natumaini hakuna aliyeumia."

Nikamwandikia: "Hakuna."

Baada ya hapo kilichobaki ni kusubiri, na kusubiri kule sitakusahau. Kila asubuhi pale Newala nilinusa salfa hewani kutoka mashamba ya watu, nikajua kule Mnyambe kuna shamba lisilo na harufu hiyo. Nilikwenda mara moja kwa Mama Zuhura. Maua yalikuwa yametoka kwa wingi mwaka ule, na juu yake pamelala unga mweupe, mwepesi, kama mtu amechekecha sembe usiku. Mama Zuhura alilipangusa ua moja kwa kidole, akakitazama kidole.

"Ule mfuko ulitosha miti ya barabarani tu," alisema. "Lakini baba, kampuni si wataleta mwingine? Wewe si unawajua?"

"Nitawaambia, mama."

Sikuwaambia. Nilipopita tena barabarani maua yalikuwa meusi, yameng'ang'ania matawini yamekauka. Miti ya jirani yake kijana ilikuwa imesheheni.

Mavuno yalipofika, hakupata hata robo ya magunia aliyodaiwa. Mfanyabiashara alikuja na mashahidi wawili. Mama Zuhura alimwomba angoje, mwanawe wa kompyuta atalipwa karibuni, atamrudishia hela yote. Yule bwana alimjibu kwa adabu kabisa: "Mama, mimi nanunua korosho. Hela ninazo."

Shamba likaenda. Msimu uliofuata nilimkuta anapalilia kwa kibarua chini ya mikorosho iliyopandwa na mama yake mzazi. Alinipungia jembe, akaniita, akaniuliza kama nimekula. Alifariki baadaye bila kujua, na sikuwahi kumwambia. Ile mikataba ya wilaya nzima haikuja, kampuni ilihamia kwingine. Kifasiri kinatumika hadi leo, jina langu liko juu yake. Watu huniandikia kunishukuru kwa uangalifu wangu. Huwa nafunga barua hizo kabla ya kufika mwisho.

Wewe unayesoma, hasa wewe mwenye cheti ukutani, nisikilize. Chombo chako kikigoma, kiache kigome. Kichekwe, na wewe uchekwe! Kicheko hakijawahi kukausha ua la mkorosho. Na ukigundua umekosea, mwambie kwanza yule atakayelala njaa. Usianze na wale watakaokusifu.

Lakini sijamaliza. Kuna siku moja ambayo ndiyo hasa imenifanya niandike.

Malipo yangu yalitoka baada ya mavuno, wakati shamba limeshakwenda. Niliwaita wote walionikopesha, uani kwa mjomba. Nilipikisha pilau. Nilimwita kila mtu kwa jina, mbele ya wale waliosema sitaweza, nikamlipa mkononi. Mjomba aliishika hela yake muda mrefu. "Mpwa," alisema, "mdomo wangu ulitangulia. Nisamehe." Watu walipiga vigelegele. Loo, nilivimba!

Mama Zuhura alikuwa wa mwisho. Alizipokea hela zake kwa mikono miwili, akazifunga kwenye pindo la khanga bila kuzihesabu. Kisha akaomba watu wanyamaze.

"Nimepata hasara mwaka huu, mnajua," alisema. "Waliompa huyu idadi mbovu nikaambulia mfuko mmoja, Mungu anawaona, sijui ni nani. Lakini huyu mwanangu ametimiza ahadi yake. Hana siri, hana hila. Namwombea Mungu ampe maisha marefu, na kila anachokishika kimrudie kama alivyowatendea watu. Semeni amina."

Wote wakasema amina. Wakanigeukia mimi, wanangoja.

Nikasema amina.