Kifaranga wa Kishingo

Nilipoanza kufuga hapa Wawi, nilidhani kuku ni kuku tu. Jirani yangu, bibi aliyefuga tangu usichana wake, alinipa mayai ya kuku wake wa kishingo, wale wasioota manyoya shingoni. Niliyaweka chini ya kuku wangu wa kawaida, akayaatamia.

Siku ya ishirini na moja bibi alikuja, akachukua yai moja, akaniwekea sikioni.

"Sikiliza, mwanangu."

Mlikuwa na sauti ndani. Kuku akaita kwa mlio mdogo ambao nilikuwa sijapata kuusikia, na yai likamwitikia. Bibi akalirudisha chini ya kuku.

Adhuhuri lilipasuka, akatoka kifaranga amelowa, shingo tupu kama ya mama asiyewahi kumwona.

"Subhanallah," nilisema. Nikakaa pale chini hadi alasiri, nikimtazama akikauka.