Gunia la Mchicha, Begi la Safari

Kila aliporudi nyumbani kutoka kibandani kwake, yule fundi cherehani alichungulia kwanza nyuma ya mlango. Begi la mama yake likiwa pale, limefungwa zipu, roho ilimtulia kidogo. Bado hajaondoka.

Mama alikuwa amelima maisha yake yote. Siku alipoanguka shambani, peke yake, na kuvunjika mguu, fundi, bintiye, alimchukua akamleta kwake, ghorofa ya tatu. Mguu ukapata nafuu, lakini begi halikufunguliwa. Alivaa magauni mawili tu, hili likianikwa lile liko mwilini.

"Mama, ukianguka tena kule, nani atakuokota?"

"Na hapa nikae kabatini kama sahani za wageni?"

Fundi akaacha kubishana. Akaomba gunia tupu la mchele dukani, akapandisha udongo kwa ndoo mpaka kiuno kikalia, akalijaza na kulisimamisha kibarazani. Akalitoboa ubavuni kwa mkasi wa kukatia nguo, akachomeka miche ya mchicha.

Mama alitazama, mikono kifuani. "Mboga zimepangwa kama vifungo vya koti!"

"Ndivyo tunavyolima huku juu, mama."

"Mnalima au mnashona?"

Kila asubuhi fundi alimwaga maji juu ya gunia, akakimbilia kazini. Miche ya juu ikaoza, ya chini ikakauka. Fundi akaingiwa na hofu: mama akiona hata mchicha umeshindwa kuishi hapa, atakwenda zake.

Jumamosi alirudi akakuta kibaraza kimechafuka udongo, gunia limemwagwa lote. Mama amekaa chini, mguu mbovu kaunyoosha, anajaza upya. Katikati ya gunia alikuwa akishindilia kokoto alizopandishiwa na jirani, na udongo akiuzungusha pembeni.

"Maji yapite kwenye mawe yafike chini. Wewe ulikuwa unaziosha mboga utosi tu! Nani alikufundisha kulima?"

"Si wewe, mama?"

"Mwongo. Kila siku ya palizi ulikuwa unaumwa tumbo."

Fundi akacheka. Halafu akakumbuka, akageuka kutazama nyuma ya mlango. Patupu.

"Mama! Begi lako liko wapi?"

Mama akaelekeza kidevu kwenye kona. Begi lilikuwa pale, zipu wazi, kitako kimetobolewa, limejaa udongo uliobaki.

"Hilo la kupandia nyanya. Nguo zangu ziko kitandani kwako. Nitafutie nafasi kabatini."