Neno Nililomfasiria Baba

Neno rehani nililisoma mara ya kwanza nikiwa darasa la nne. Nililisoma kwa sauti, mbele ya baba yangu, huku nikijivuna. Shule ya misheni ilikuwa imenifundisha kuunganisha herufi, na katika tembe letu lote hakuna mwingine aliyejua kazi hiyo.

Mwaka ule karanga zilikuwa zinanunuliwa, na baba alitaka kulima za kuuza. Hakuwa na pesa ya mbegu. Pesa ya namna hiyo, inayotangulia kazi ili kazi iizidishe, leo naiita mtaji. Siku zile tuliiita mbegu tu. Alichokuwa nacho ni ng'ombe wa mama, jike wa kijivu aliyevunjika pembe moja, mwenye mimba. Samli ya ng'ombe yule ndiyo iliyotununulia chumvi na nguo. Mama alikubali atolewe kwa sharti moja: arudi.

Tulitembea asubuhi nzima, ng'ombe mbele, mpaka dukani kwenye njia panda ya Mkiwa. Mwenye duka alimpa baba shilingi hamsini, akaandika karatasi, akaisukuma upande wangu.

"Karani wako huyu, mzee? Haya, asome, usije ukasema nimekuibia."

Nikasoma: amepokea shilingi hamsini, riba shilingi kumi, ng'ombe mmoja jike, rehani, miezi kumi.

"Riba ndiyo nini, tajiri?" baba akauliza.

Mwenye duka akacheka. "Wewe mfugaji unaniuliza? Pesa yangu nayo ni ng'ombe. Ikilala kwako, unaikamua. Nami nataka maziwa yangu kidogo. Hayo ndiyo riba."

Baba alicheka mpaka akajipiga paja. Ameelewa. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa lugha ya nyumbani, na hilo lingine? Rehani?

Sikulijua. Ningesema sijui, ng'ombe yule labda angekufa uzeeni kwetu. Lakini nilikuwa karani. Nilimtazama ng'ombe akifungwa kwenye boma la mtu mwingine, nikatoa neno la Kinyaturu lililofanana na nilichokiona: lile tunalotumia mtu anapompelekea rafiki ng'ombe amtunzie. Ng'ombe wa namna hiyo hana siku ya mwisho. Rafiki hunywa maziwa, hutumia samadi, na ndama wote ni wa mwenyewe. Siku mwenyewe akimtaka, huja na kibuyu cha asali, hushukuru, humchukua.

"Na miezi kumi?"

"Ni muda wa kulipa pesa," nilisema. Hapo sikukosea. Ila baba alikwisha kuvitenga vile viwili: pesa ilikuwa na siku yake, ng'ombe alikuwa kwa rafiki. Akatia dole gumba.

Karanga zilikubali. Baba aliuza magunia, na shilingi sitini zilikuwa mkononi mwake, nilizishika mimi mwenyewe. Mama akasema, "Kamlete kwanza ng'ombe."

"Ng'ombe anaharakishwa?" baba akajibu. "Anakula, amezaa, nimeambiwa ni jike tena. Tajiri atangoja mvua moja, msimu mmoja tu. Tukiongeza shamba, tutalipa na kubakiwa."

Alipeleka zile kumi za riba kwa mkono wa jirani, ili rafiki asinune. Hamsini akanunulia mbegu nyingine na kulipa watu wa kufyeka pori. Nilimsikia akiimba asubuhi. Mama hakuimba.

Mwezi wa kumi na mbili tangu siku ile ya dukani ulipotukuta, mvua haikuwa imeanguka hata ya kulaza vumbi. Mbegu ziliungua ardhini. Baba akasema basi, tumrudishe ng'ombe na ndama wake, tunywe maziwa, deni tutazungumza. Alisuka kamba mbili, moja ndefu, moja fupi ya ndama. Akabeba kibuyu cha asali. Nikaenda naye.

"Shikamoo baba," nilimwamkia mwenye duka.

"Marahaba." Aliziona kamba. "Mzee, unatafuta nini?"

"Nimekuja kukushukuru, tajiri. Umenitunzia vizuri."

Mwenye duka alitoa karatasi, akaweka kidole juu ya neno. Alisema taratibu, hata bila ubaya: rehani ni kitu kinachoshikwa mpaka pesa irudi, siku ikipita pesa haijarudi, kitu kimekwenda. Riba aliipata, lakini deni lenyewe lilibaki palepale. Miezi kumi ilikwisha, akangoja mwezi mzima, akawapeleka mnadani ng'ombe na ndama.

Baba alinitazama. "Ulisoma nini wewe?"

Nikaanza kuisoma karatasi upya, neno kwa neno. Leo maneno yale yote nayajua, na wenzangu wa kalamu huniuliza maana zake.

Hakujua la kufanya na asali, akaiacha juu ya kaunta. Mwenye duka akaiweka kwenye mizani. Akahesabu shilingi tatu. Baba akazipokea.

Nyumbani mama hakulia. Aliniuliza neno lenyewe lilikuwaje. Nikamtamkia.

"Fupi hivyo?" alisema. Kibuyu chake cha kusukia maziwa kilikaa ukutani mpaka kikapasuka kwa ukavu.

Kabla mwezi ule haujaisha alikuja mwandikishaji wa vibarua wa mashamba ya mkonge. Alikuwa na karatasi ndefu, yenye maneno mengi kuliko ile ya dukani. Nilisogea, nikasimama karibu na bega la baba kama zamani. Alinisogeza kando kwa kiwiko, polepole, akatia dole gumba bila kuuliza imeandikwa nini. Lori lilimchukua pale pale njia panda. Tulingoja mvua tatu. Karatasi ile sikuisoma, na baba hakurudi.